Namba ya Tatu kwenye Mashine ya Presha

Nilikuwa na umri wa miaka 23, mwaka wa mwisho wa chuo mjini Morogoro, siku nilipoinama kunyanyua ndoo ya maji kwenye korido ya hosteli na moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Haukuongeza kasi kidogo kidogo kama wa mtu anayepanda ngazi. Uliruka ghafla, kama taa iliyowashwa. Nilikaa sakafuni kando ya ndoo, nikaona kola ya gauni langu ikitikisika kwa kila pigo, na mdundo wenyewe niliusikia shingoni zaidi kuliko kifuani. Baada ya robo saa hivi ulikoma kama ulivyoanza, nami nikabaki mchovu, mkojo ukinibana, nikaenda msalani mara tatu ndani ya saa moja. Habari hiyo ya msalani sikumweleza mtu yeyote kwa karibu miaka miwili, kwa kuwa sikudhani ina uhusiano wowote na moyo.

Katika miaka hiyo miwili sikukosa majibu, nilikuwa nayo mengi mno. Zahanati ya kwanza ilinipa dawa ya malaria ingawa kipimo hakikuonyesha vimelea, ya pili ikasema ni vidonda vya tumbo, mama akashikilia kwamba ni presha, na shangazi akaninong'oneza, "Mwanangu, hilo ni jicho la watu." Siwacheki, kwa sababu moyo wa kijana huweza kwenda mbio kwa sababu nyingi ambazo hazianzii moyoni kabisa, na daktari makini huanza na hizo: homa, upungufu wa maji mwilini, ujauzito, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hata pasipo rovu la kuonekana, na zaidi ya yote upungufu wa damu, ambao kwa mwanamke asiye mjamzito huhesabiwa pale hemoglobini inapokuwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Atakuuliza pia unachokunywa na unachotumia, na hapo usimfiche: kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa ya kuvuta ya pumu, hata mirungi. Hajaja kukukamata.

Vipimo vyangu vyote vya damu vilikuwa sawa, na kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, nacho kikatoka safi. Nikaambiwa kwa upole kwamba nina mawazo ya mitihani. Hapa ndipo ninapotaka kijana mwenzangu atulie na kufikiri, maana ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko pengine popote. ECG ya kawaida hurekodi moyo kwa takribani sekunde 10. Kama hali yako huja mara moja kwa wiki tatu na kudumu dakika kumi na tano, kipimo kilichofanyika siku uliyoamka mzima kimesema ukweli mtupu kuhusu sekunde hizo, na kuhusu ile siku ya ndoo hakijasema lolote. Hata kile kifaa cha kuvaa kifuani kwa saa 24 nilikirudisha kikiwa hakijanasa kitu, kwa sababu saa hizo 24 moyo wangu uliamua kuwa na adabu. Ama kuhusu wasiwasi, sikatai kwamba huharakisha moyo. Lakini kwangu mapigo yalitangulia na hofu ikafuata, na mpangilio huo ni jambo la kumweleza daktari waziwazi.

Kilichogeuza mambo kilitokea kwenye duka la dawa. Moyo ulianza kwenda mbio nikiwa kituo cha daladala, nikavuka barabara na kuomba nipimwe presha. Muuzaji alinifunga mkanda, mashine ikavuma, akasoma namba mbili za juu na kusema, "Presha yako nzuri sana, dada." Alikuwa anaufungua mkanda nilipoitazama namba ya tatu, ile ya chini ambayo watu wengi hawaisomi: 176. Hiyo ndiyo idadi ya mapigo kwa dakika, na ya mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Niliipiga picha kwa simu kabla haijazimika. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu cha kumwonyesha daktari badala ya maelezo tu.

Tangu siku hiyo nikaanza daftari: tarehe, saa, nilikuwa nikifanya nini, ilianza vipi, ilikoma vipi, mapigo mangapi. Kuhesabu si kazi ngumu. Unaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, unahesabu kwa sekunde 30 kisha unazidisha kwa mbili. Ukishindwa kwa sababu ya kasi, kariri mdundo wenyewe na siku ya miadi umgongee daktari mezani kwa kidole, kwani mdundo ulio sawasawa na ule unaorukaruka humpa fununu tofauti. Daktari bingwa wa moyo niliyepewa rufaa kwake alisoma kurasa tatu za daftari, akaniuliza kama baada ya hali hiyo huwa naenda haja ndogo mara kwa mara, nikaduwaa. Akanipa agizo moja: safari ijayo nisisubiri ipite, niende kituo chochote cha karibu chenye mashine ya ECG nipimwe moyo ukiwa bado unakimbia.

Ilichukua wiki tano. Muuguzi alinibandika nyaya huku akinihimiza nisiongee, na karatasi ikatoka na mapigo 182 yaliyopangana karibu karibu kama meno ya kitana. Jina lake kwa kifupi ni SVT: umeme wa moyo unanaswa kwenye njia ya ziada niliyozaliwa nayo na kuzunguka humo badala ya kushuka na kwisha. Mara nyingi haiui, lakini huchosha na hutisha.

Ili kuyatuliza mapigo hayo yanapoanza, nilifundishwa kukaa nimeegemea nyuma, kupuliza kwa nguvu ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano kwa sekunde 15, kisha kulazwa chali mara moja na mtu kuninyanyulia miguu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba nyongeza hiyo ya kulala na kunyanyua miguu ilirejesha mapigo ya kawaida kwa wagonjwa 43 kati ya 100, wakati kupuliza peke yake kulifaulu kwa 17. Jifunze kwa daktari wako kwanza. Zipo pia dawa za kila siku, na ipo tiba ya kuichoma ile njia ya ziada ya umeme kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja bila kupasua kifua, ambayo bado naifikiria. Ninalokukataza kabisa ni kumeza vidonge vya presha vya jirani, kwani vingine, kama propranolol, vinaweza kumbana pumzi mtu mwenye pumu.

Daftari hili si la kila mtu. Ukizimia, hasa ukiwa mazoezini, ukipata maumivu ya kifua au kukosa pumzi, au kama katika ukoo wenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana, hayo si ya kuandika na kungoja; nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la karatasi. Karatasi nyingi za ECG huchapwa kwa joto bila wino, na jua huifuta. Yangu niliiweka kwenye mkoba, nikapanda nayo daladala miezi kadhaa, hadi mistari ikaanza kupauka. Bahati nzuri nilikuwa nimeipiga picha na kumtumia mama. Yeye ameihifadhi kwenye simu yake katikati ya picha za mahafali yangu, na mgeni akiomba kuona binti aliyehitimu, humwonyesha zote kwa zamu.