Kwa nini Megido na si Yerusalemu?

Shalom ndugu. Umeuliza kwa nini Ufunuo 16:16 unataja Har-Magedoni kama mahali wafalme wanapokusanyika kwa vita vya mwisho, wakati Yerusalemu ndio mji mkuu wa unabii. Anza na jina: "har" kwa Kiebrania ni mlima, kwa hiyo ni mlima wa Megido. Lakini ukifika pale huoni mlima, unaona kilima cha magofu kaskazini mwa Israeli, miji iliyojengwa juu ya miji mingine zaidi ya mara ishirini. Kinalinda njia ya kutoka pwani kuingia bonde la Yezreeli, njia ya majeshi ya Misri na ya kaskazini. Farao Thutmose III alipigana hapo karne ya 15 K.K., na mwaka 1918 jenerali Mwingereza Allenby aliwashinda Waturuki katika eneo hilo hilo.

Katika Biblia, nabii Debora anaimba juu ya "maji ya Megido" (Waamuzi 5:19), na Sulemani aliujenga mji huo (1 Wafalme 9:15). Ila linalonigusa zaidi ni Yosia. Mfalme mwema kabisa wa Yuda, aliyesafisha hekalu, akaenda kumzuia Farao Neko mwaka 609 K.K., akapigwa mishale hapo Megido. Nchi nzima ililia. Zekaria 12:11 anaukumbuka msiba wa bonde la Megido anaposema watu watamwombolezea yule waliyemchoma.

Kwa hiyo msomaji Myahudi akisikia Megido alisikia kilio, si vita tu. Tena angalia, 16:16 inasema wafalme wanakusanywa tu. Pigano lenyewe liko sura ya 19, na anayeshinda ni yule aliyepanda farasi mweupe, yaani Kristo.