Indeksi ipo, kwa nini bado jedwali zima linasomwa?

Mkuu, umeuliza kwa nini PostgreSQL (programu ya hifadhidata) inapitia jedwali zima la wateja wakati safu ya barua_pepe ina indeksi (orodha ya kutafutia haraka). Angalia vizuri hoja yako (query): umeandika WHERE lower(barua_pepe) = ..., yaani unatafuta barua_pepe iliyogeuzwa kuwa herufi ndogo. Indeksi yako ni ya barua_pepe kama ilivyo, kwa hiyo hapo haisaidii kitu. Tengeneza hii:

CREATE INDEX CONCURRENTLY ON wateja (lower(barua_pepe));

Tafadhali usiondoe CONCURRENTLY. Bila hiyo, kila anayeandika kwenye jedwali atasubiri mpaka indeksi iishe kujengwa, na hapo simu zitaanza kuita. Kisha endesha ANALYZE wateja (hukusanya takwimu mpya za jedwali), upime kwa EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha hoja inavyotekelezwa na muda wake (hii hutekeleza hoja kweli, usiijaribu ovyo kwenye DELETE, amri ya kufuta). Ikigoma, bandika matokeo yote hapa bila kuyafupisha, tuyaangalie pamoja.