Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Ndege Huanza Kabla ya Brashi

Barua tatu zilizofika mezani mwezi huu zinahusu kazi moja, nayo ni kuunda na kupaka rangi modeli za ndege zilizopigana katika Vita vya Pili vya Dunia. Nimeamua kuzijibu pamoja, kwa kuwa kosa linalolalamikiwa katika barua ya kwanza ndilo mwandishi wa barua ya pili anapaswa kulikwepa, na ya tatu inagusa kipande kidogo ambacho kimewaharibia wengi kazi nzuri saa ya mwisho.

*Mhariri, shemeji yangu aliporudi kutoka Uingereza aliniletea seti ya ndege ya kivita aina ya Hawker Hurricane, ya skeli ya 1:72. Niliiunga kwa siku mbili, kisha nikaipaka rangi ya enameli niliyoizimua kwa thina ya magari niliyoinunua Barabara ya Kirinyaga. Sasa bawa la kushoto limekunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, mstari wa maungio unaonekana mgongoni tangu puani hadi mkiani, na stika zimezingirwa na ukungu wa rangi ya fedha. Je, niitupe? — Msomaji, Umoja*

Ndugu yangu wa Umoja, usiitupe. Ndege hiyo inaweza kuokolewa, ingawa itakudai subira zaidi ya ile uliyoitumia kuiunga.

Tuanze na bawa. Plastiki ya seti hizi ni polistireni, na polistireni haistahimili viyeyushi vikali vilivyomo katika thina ya magari. Fundi wa gereji huitumia bila wasiwasi kwa sababu anapaka bati, nalo bati halina la kupoteza. Gundi ya plastiki yenyewe hufanya kazi kwa njia hiyohiyo: huyeyusha kingo za vipande viwili, vikachanganyika, kisha kiyeyushi kikapaa hewani na kuacha kitu kimoja kigumu. Kwa maneno mengine, ulipopitisha brashi juu ya bawa ulikuwa unalipaka kitu kilicho jamaa wa karibu wa gundi. Petroli na dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni zina madhara kama hayo, kwa hiyo usijaribu kusafisha kosa kwa mojawapo ya hizo. Liache bawa lipumzike kwa wiki nzima mahali penye hewa, mpaka plastiki iwe ngumu tena. Kisha chukua msasa wa maji wa namba 600, uuloweshe, usugue kwa mizunguko midogo hadi mikunjo iishe, halafu umalizie kwa namba 1000 au 1200. Msasa huo unapatikana katika duka lolote la rangi za magari, na kwa jambo hilo maduka ya Kirinyaga ni rafiki mwema kabisa.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu, kwa sababu Hurricane si ndege ya kusuguliwa sawasawa kila mahali. Sehemu ya mbele ya kiwiliwili chake ilifunikwa kwa bati, lakini kuanzia nyuma ya rubani hadi mkiani mifupa yake ya chuma na mbao ilivikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Ukiitazama modeli yako kwa mwanga unaotoka ubavuni utaona matuta membamba yanayokwenda kwa urefu, mfano wa mbavu za mtumbwi zinazojitokeza chini ya turubai. Watengenezaji waliyaweka kwa makusudi. Ukiyasugua yakaisha, utakuwa umeondoa jambo linaloitofautisha Hurricane na Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, ambayo kiwiliwili chake kilikuwa cha bati kitupu. Mgongoni, basi, sugua kwa kipande chembamba cha msasa kilichokunjwa, ukifuata mstari wa maungio peke yake.

Mstari huo ulibaki kwa sababu uliharakisha. Nusu mbili za kiwiliwili zinapounganishwa, gundi iwe ya kutosha kiasi kwamba ukizibana taratibu plastiki iliyoyeyuka inachomoza kidogo juu ya ufa, kama uzi mwembamba. Huo uzi ndio pati, yaani kizibio cha nyufa, bora kuliko zote. Ukiuacha siku mbili ukakauka, kisha ukauondoa kwa msasa, maungio hupotea. Palipobaki shimo ndipo pati ya dukani huingia. Nami nimewahi kulifanya kosa hilo kwa mikono yangu: ndege ya kwanza niliyoipaka ilikuwa na ufa tumboni, upana wa unywele, nikajiambia kwamba rangi ingeufunika. Rangi haikuufunika hata kidogo. Ilijikusanya kandokando yake na kuuchora upya, hata mtu aliyesimama mlangoni aliuona. Tangu hapo sijapaka rangi yoyote kabla ya kupitisha koti moja la praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, kwa kuwa praima huonyesha mikwaruzo na nyufa ambazo macho hayazioni juu ya plastiki yenyewe, na wakati huo bado unaweza kuzirekebisha.

Kuhusu rangi, fanya hesabu hii moja. Hurricane halisi ilikuwa na upana wa mita 12.19 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na modeli yako, iliyo ndogo mara 72, ina karibu sentimita 17. Koti la rangi lenye unene wa robo ya milimita juu ya modeli hiyo ni sawa na milimita 18 juu ya ndege halisi; ni kana kwamba ndege imepigwa plasta. Ndiyo maana nasema rangi iwe nyembamba sana, makoti mawili au matatu, kila moja likipishana mwelekeo na lililotangulia, na koti la kwanza likionekana hafifu na la kusikitisha bila wewe kulitia mkono tena. Ukitumia akriliki, izimue kwa maji safi au kwa kizimuo chake. Ukishikilia enameli, tumia kizimuo kilichotengenezwa kwa ajili ya rangi hiyo ya modeli, na uipe saa 24 kati ya koti na koti. Katika baridi ya Julai hapa Nairobi ni vyema uipe siku mbili. Osha vipande vyote kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kuanza, maana hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na vidole vyetu navyo huongeza mengine. Dirisha liwe wazi wakati wote, na jiko liwe mbali: mvuke wa thina hushika moto upesi, na wengi wetu tunafanyia kazi hii katika chumba kilekile kinachopikiwa.

Ukungu wa fedha kuzunguka stika ni hewa tu. Rangi isiyong'aa ina uso wenye vijipele vidogo mno, na stika inapolala juu yake hewa hunaswa kati ya vijipele hivyo, ikarudisha mwanga. Kwa hiyo kabla ya stika hupakwa vanishi angavu ya kung'aa, ili uso uwe laini kama kioo. Kisha stika huwekwa, hukamuliwa maji kwa pamba au kitambaa laini kuanzia katikati kuelekea pembeni, na ikikauka hufunikwa kwa vanishi isiyong'aa inayorudisha sura ya ndege ya kivita. Stika zako za sasa zichomechome kwa ncha ya sindano, uziloweshe kwa dawa ya kulainishia stika, huenda zikatulia. Zisipotulia, zitoke pamoja na rangi wakati wa msasa.

*Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa South B. Marehemu baba yangu alifanya kibarua katika uwanja wa ndege wa Eastleigh wakati wa vita, na alizoea kutusimulia juu ya ndege zilizoelekea kaskazini kupigana na Waitaliano. Wajukuu wangu wamenizawadia seti ya Hurricane ya skeli ya 1:48. Ningependa kuipaka kama ndege iliyoruka kutoka nchi hii, wala si kama ile ya Uingereza iliyochorwa kwenye boksi. Nianzie wapi? — Mwalimu, South B*

Mwalimu, pokea heshima zangu. Barua yako niliisoma mara mbili, kwa kuwa ni nadra mtu kuunda modeli ya kitu ambacho mzazi wake alikiona kwa macho, na katika uwanja ambao leo ni kambi ya Jeshi letu la Anga.

Anza kwa kuchagua ndege moja, ya kikosi kimoja, katika miezi fulani. Ukisema tu "Hurricane ya Kenya" utajikuta umechanganya mambo ya miaka mitatu juu ya bawa moja. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na hazikupita siku nyingi ndege zake zikashambulia Wajir. Katika kampeni iliyofuata, ambamo Addis Ababa ilitekwa Aprili 1941, Hurricane zilizotoka upande wetu ziliendeshwa na marubani wa Jeshi la Anga la Afrika Kusini, kikiwemo Kikosi chao cha 3. Kikosi hicho ndicho ningekushauri ukifuate. Rubani wake John Frost alitunguliwa karibu na Diredawa, Ethiopia, tarehe 15 Machi 1941, naye mwenzake Bob Kershaw akatua palepale chini ya risasi, akampakia, wakabanana wawili katika chumba kilichoundwa kwa mtu mmoja, wakaruka na kurudi salama. Kila ninapobandika kiti kidogo cha rubani ndani ya Hurricane hukumbuka kisa hicho, kwa sababu ukikitazama chumba chenyewe huoni watu wazima wawili wangeeneaje.

Mwanzoni mwa vita ndege za kivita za Uingereza zilipakwa juu rangi mbili, kahawia ya udongo na kijani kilichokoza, kwa mabaka makubwa ya mawimbi. Rangi ya mchanga iliyochukua nafasi ya kijani, pamoja na tumbo la samawati, ni ya vita vya jangwani kule Misri na Libya, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani kila ndege ya Afrika ilikuwa ya jangwa. Chora mipaka ya mabaka kwa penseli nyepesi, paka kahawia kwanza kwa kuwa ndiyo iliyofifia, kisha kijani kiifuate hadi penye mstari. Alama za duara nazo zitakudai utulivu: Waafrika Kusini waliweka rangi ya chungwa mahali pa nyekundu ya Waingereza, na stika zilizomo ndani ya boksi huenda hazina chungwa hata kidogo. Duara la katikati unaweza kulipaka kwa mkono.

Utakapotafuta picha za wakati ule, jihadhari na mtego mmoja. Baadhi ya filamu za nyeusi na nyeupe zilizotumika siku hizo hazikuhisi mwanga mwekundu, kwa hiyo nyekundu na hata njano hutokea karibu nyeusi, na samawati hutokea nyeupe. Mtu akiliona duara lenye ukingo mweusi huweza kuupaka mweusi, kumbe ulikuwa wa njano iliyokolea. Itazame pia pua: baadhi ya Hurricane zilizoletwa Afrika zilifungwa chujio kikubwa cha vumbi chini ya injini, kama kidevu, na nyingine hazikufungwa. Picha ya ndege uliyoichagua ndiyo iamue, wala si mchoro wa boksi.

Kitu kimoja kidogo nakuachia, ambacho mimi hukipenda kuliko vyote. Hurricane ya wakati huo ilikuwa na bunduki nane za Browning, nne katika kila bawa, na mafundi wa uwanjani waliziba midomo yake kwa viraka vya kitambaa chekundu ili vumbi na unyevu visiingie. Risasi ya kwanza ilivitoboa. Ndege yenye viraka vizima vyekundu bado haijapigana siku hiyo. Ndege yenye viraka vilivyochanika na masizi yanayorudi nyuma chini ya bawa imetoka vitani. Amua ndege yako ni ya asubuhi au ya jioni, kisha paka kulingana na uamuzi huo. Ikiwa ni ya jioni, saga chaki za rangi, ambazo mwalimu hawezi kukosa, uchanganye nyekundu na kahawia upate vumbi la njia za kaskazini, ulipake kwa brashi kavu kwenye magurudumu na tumboni tu. Wengi huipaka ndege nzima vumbi mpaka ikafanana na matatu ya mashambani, na sioni sababu ya kufanya hivyo: ndege hizo zilikuwa na mafundi, na mafundi walizifuta.

*Mhariri, niko kidato cha tatu, Kasarani. Nilibandika kioo cha rubani kwa supaglu, na asubuhi nikakikuta kimejaa ukungu mweupe na alama za vidole vyangu. Kinasafishika? — Msomaji, Kasarani*

Binti yangu, kinasafishika. Supaglu inapokauka hutoa mvuke, na mvuke huo ukigusa kioo huganda ukawa utando mweupe, ukianza pale ulipoacha mafuta ya vidole. Kitoe kioo taratibu kwa ncha ya wembe, ukiwa na mtu mzima karibu. Kisugue kwa dawa ya meno nyeupe, isiyo jeli, juu ya kitambaa cha pamba, kwa muda mrefu na bila nguvu, kisha ukioshe na kukitumbukiza katika vanishi angavu ya akriliki, ukikaushe chini ya bakuli lililopinduliwa ili vumbi lisiingie. Safari hii kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya shuleni. Ukiipaka itaonekana kama maziwa na utaogopa. Iache usiku kucha, na asubuhi itakuwa angavu kama kioo chenyewe.