Maswali ya Wasomaji: Kwa Meli katika Bahari ya Baltiki

Barua nne zilizotufikia mwezi huu zinauliza kuhusu safari moja, yaani ile ya meli za utalii zinazozunguka Skandinavia na Bahari ya Baltiki wakati wa kiangazi cha huko, ambapo sisi Tanga tumo katika kipupwe na pepo za kusi. Nimeamua kuzijibu pamoja, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kusafiri njia hiyo, na ningependa mtu wa kwetu anayejaliwa kwenda asipoteze siku zake kama nilivyopoteza moja ya siku zangu.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwanetu anayeishi Denmark ametulipia mimi na mume wangu safari ya siku tisa mwezi wa Juni. Ratiba inasema tutapandia Copenhagen, kisha tutapita Berlin, Tallinn, Helsinki na Stockholm, kila mji siku moja. Mume wangu anasumbuliwa na magoti. Tuone nini, na ni kipi tukikiacha hatutajuta?
– Mwalimu, Chumbageni

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na mzee naye umfikishie salamu zangu. Kabla hamjafikiria makumbusho au makanisa, chukueni ratiba hiyo na mtafute mambo mawili: jina la gati ambapo meli itafunga hasa, na saa ambazo abiria wanaruhusiwa kuwa nchi kavu. Jina la mji lililoandikwa kwa herufi kubwa halitoshi. Berlin haina bahari. Meli hufunga Warnemünde, mji mdogo wa pwani ya Ujerumani, na kutoka hapo hadi Berlin ni mwendo wa takribani saa tatu kwa basi au treni, na kurudi ni muda kama huo. Mimi nilikata tiketi ya ziara hiyo bila kuuliza. Nikaliona Lango la Brandenburg kwa dakika chache, nikala mkate nikiwa nimesimama, nikarudi melini nimechoka, na hata leo ninachokikumbuka zaidi cha siku ile ni barabara.

Kwa mzee mwenye magoti mabovu, naomba Berlin muiache. Pandeni treni ya kawaida kutoka Warnemünde hadi Rostock, ambayo haifiki hata nusu saa, muingie katika Kanisa la Mtakatifu Maria. Nyuma ya madhabahu kuna saa ya falaki iliyotengenezwa na Hans Düringer mwaka 1472, nayo inatembea hadi leo, ikionyesha saa, mwezi na kalenda. Fikeni kabla ya adhuhuri, kwa sababu saa sita kamili mchana sanamu ndogo za mitume hutoka juu ya saa hiyo na kupita mbele ya sanamu ya Yesu. Viti vipo, watu si wengi, na alasiri nzima inabaki yenu.

Jambo hilohilo muliangalie kwa Stockholm. Baadhi ya meli hufunga Nynäshamn, kusini mwa mji, ambako treni ya kwenda mjini huchukua kama saa moja. Nyingine huingia hadi Stadsgården, karibu kabisa na mji mkongwe wa Gamla Stan. Ikiwa meli yenu ni ya aina ya pili, basi niruhusuni niwasihi: siku hiyo msilale. Amkeni mapema mpande sitahani, kwa sababu meli hupita kwa saa kadhaa katikati ya visiwa na miamba inayokadiriwa kufikia 30,000. Vingine vina msitu na nyumba nyekundu za mbao, vingine ni jiwe tupu lenye ndege wawili watatu, na mahali pengine meli hupita karibu kiasi cha kumwona mtu akinywa kahawa kwenye gati lake dogo. Miamba hiyo ni laini na ya mviringo, kwa kuwa barafu nzito ya zama za kale iliisugua ikiwa inasogea. Barafu ilipoyeyuka, nchi iliyokuwa imekandamizwa ilianza kuinuka, na bado inainuka milimita chache kila mwaka, kwa hiyo visiwa vipya vinaendelea kujitokeza majini. Hakuna tiketi ya kuyaona hayo, wala hakuna mtu atakayekuja kuwagongea mlango wa kabini.

Tallinn ni mji ambao haudai basi la ziara, kwa maana gati na mji mkongwe havipo mbali. Jumba la baraza la mji lilikamilika mwaka 1404, na kwenye uwanja huohuo kuna duka la dawa linalotajwa katika kumbukumbu za mwaka 1422 ambalo bado linauza dawa. Wafanyabiashara waliounganisha miji kama hii, kuanzia Lübeck hadi Tallinn na Visby, walikuwa na ushirika ulioitwa Hansa, wakisafirisha nta, manyoya, chumvi na samaki kutoka bandari moja hadi nyingine. Mtu aliyetembea kwenye makaburi na msikiti wa Tongoni, akafikiri jinsi Kilwa, Mombasa na miji mingine yetu ilivyoishi kwa biashara ya bahari katika karne zilezile, ataielewa Tallinn upesi kuliko watalii wengi. Mawe ya barabarani, hata hivyo, ni ya mviringo na yanateleza mvua inaponyesha. Mzee avae viatu vyenye soli nene, na badala ya kupanda kilima cha Toompea abaki uwanjani.

Helsinki msitafute mengi. Nendeni Kauppatori, soko la ufukweni, mnywe supu ya samaki wa samoni yenye viazi na maziwa, kisha mpande kivuko cha robo saa hivi hadi Suomenlinna, ngome iliyoanza kujengwa na Waswidi mwaka 1748 juu ya visiwa na ambayo baadaye ilitwaliwa na Warusi, kisha ikabaki kwa Wafini. Na Copenhagen, mkipata nusu siku kabla ya kupanda meli, pandeni mashua ya mifereji inayoanzia Nyhavn, ambayo itamwonyesha mzee mji bila kumchosha. Sanamu ya nguva mdogo, iliyowekwa mwaka 1913, ina urefu wa mita 1.25 tu. Kama meli yenu imefunga Langelinie mtapita karibu nayo; kama imefunga Oceankaj, msiifuate.

SWALI: Nimeona picha ya meli ya mbao iliyoko Stockholm, ambayo wanasema ilikaa chini ya bahari zaidi ya miaka 300 na bado ni nzima. Huku kwetu mashua isipopandishwa pwani na kupakwa deheni, wadudu wanaitoboa mpaka inakuwa kama chujio. Hilo linawezekanaje? Na je, mtu mwenye siku moja Stockholm aitumie humo?
– Fundi wa mashua, Sahare

JIBU: Ndiyo, aitumie humo, na kwa fundi kama wewe ningesema asiende kwingine kabla ya hapo.

Meli hiyo inaitwa Vasa. Ilijengwa kwa amri ya Mfalme Gustav wa Pili Adolf, ikapewa mizinga 64, na tarehe 10 Agosti 1628 iling'oa nanga kwa mara ya kwanza mbele ya umati wa watu wa Stockholm. Ilisafiri umbali wa kama mita 1,300. Upepo wa pili ulipoilaza upande mmoja, maji yaliingia kupitia madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi, ikazama hapohapo bandarini pamoja na watu wapatao 30. Sababu utaitambua mwenyewe: umbo lake juu ya maji lilikuwa refu na zito kupita kiasi, na sehemu ya chini ilikuwa nyembamba. Farumi ya mawe ya kama tani 120, yaani uzito wa chini wa kuituliza meli, ilikuwemo, lakini kuongeza mawe kungeyashusha madirisha ya mizinga karibu zaidi na maji. Kinachoniumiza katika habari hii ni kwamba walijua. Kabla ya safari, mabaharia 30 waliamriwa kukimbia kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Baada ya mara tatu zoezi likasimamishwa, kwa kuwa meli ilikuwa inayumba vibaya, na hata hivyo ikaruhusiwa kuondoka. Mfalme alikuwa vitani ng'ambo akiisubiri, na hakuna aliyethubutu kumwandikia kwamba haifai.

Sasa kuhusu wadudu. Mdudu anayetoboa vyombo vyetu anahitaji maji yenye chumvi ya kutosha. Maji ya bahari yetu yana chumvi ya takribani gramu 35 kwa kila lita, na karibu na Stockholm ni kama gramu sita tu, kwa sababu Bahari ya Baltiki inapokea mito mingi huku mlango wake wa kuingilia maji ya bahari kuu, upande wa Denmark na Uswidi, ni mwembamba na hauna kina kirefu. Katika maji hayo mdudu huyo hawezi kuishi. Anders Franzén, aliyekuwa akichunguza mabaki ya vyombo, aliijenga hoja yake juu ya jambo hilo: ikiwa mdudu hayupo, basi meli za kale lazima bado zipo. Akaipata Vasa mwaka 1956, na tarehe 24 Aprili 1961 ikainuliwa juu ya maji, miaka 333 baada ya kuzama. Mbao zilizoloa namna ile zingepasuka kama zingeachwa zikauke, kwa hiyo zilinyunyiziwa kwa miaka 17 dawa inayoingia ndani ya mti na kushika nafasi ya maji.

Ukiingia katika jengo lake, lililofunguliwa mwaka 1990 katika kisiwa cha Djurgården, utakuta baridi na mwanga hafifu, maana mbao hizo zinatunzwa kama mgonjwa. Simama chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, uinue kichwa. Kumejaa nakshi za simba, askari na malaika, zilizokuwa zikipakwa rangi kali. Kisha tazama vifuniko vya madirisha ya mizinga: upande wa ndani umechongwa uso wa simba, ili kifuniko kinapoinuliwa adui aone safu ya simba wenye vinywa wazi kabla hajauona mzinga wenyewe. Mimi nilisimama pale nikifikiria mafundi waliozichonga nyuso hizo kwa makini, moja baada ya nyingine, kwa chombo kilichosafiri muda mfupi kuliko mtumbwi unaovuka kutoka Tanga kwenda kisiwa cha Toten na kurudi.

Jambo moja zaidi ambalo litakushangaza: kule hakuna bamvua wala maji mafu. Bahari haijai na kupwa kwa namna ya kuonekana, na boti zimefungwa kwenye gati kwa kamba fupi mchana kutwa. Ukiwazoea watu wa Sahare wanaosubiri maji yajae ndipo watoke, utadhani umefika kwenye ziwa.

SWALI: Ni viza ngapi zinazohitajika kwa nchi zote hizo? Na mbona ndugu yangu aliyesafiri zamani alifika Saint Petersburg, na sasa siuoni mji huo katika ratiba?
– Msomaji, Makorora

JIBU: Denmark, Uswidi, Ufini, Estonia, Ujerumani na Norwei zote zimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku zinalingana, kwa nchi utakayoingia kwanza. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, nayo hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15, ingawa mimi nakushauri usingoje hata miezi miwili ya mwisho. Iwapo meli itapitia Uingereza, hiyo ni viza nyingine kabisa, na ile ya Schengen lazima iruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kuhusu Saint Petersburg, kampuni kubwa za meli ziliuondoa mji huo katika ratiba zao tangu vita vya Ukraine vya mwaka 2022, na siku hizo zikapewa bandari nyingine.

SWALI: Nimesikia kwamba huko jua halitui. Magharibi na Isha nitasalije, na kibla nitakijuaje nikiwa majini?
– Mama wa Ngamiani

JIBU: Jua linatua, Mama, ila kwa kuchelewa sana. Mwezi wa Juni saa za Helsinki na za Tanga ni zilezile, lakini wakati nyumbani wanasali Magharibi muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, kule jua liko juu bado, na litazama saa tano kasoro dakika kumi usiku. Litachomoza tena kabla ya saa kumi alfajiri. Katikati yake giza kamili haliingii, mbingu hubaki na weupe upande wa kaskazini, na ndiyo maana alama ya kuingia kwa Isha haionekani. Wanazuoni wana kauli zaidi ya moja kuhusu jambo hilo. Wapo wanaokadiria kwa saa za miji ya kusini zaidi, na wapo wanaoruhusu Isha kuunganishwa na Magharibi. Wewe utakuwa msafiri, na msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kujumuisha, lakini usiondoke kabla hujamuuliza shehe wako akueleze njia moja utakayoifuata safari nzima. Ukisafiri mwishoni mwa Agosti, uzito wa suala hili hupungua, kwa kuwa usiku unakuwa umerudi.

Kibla kitataka uangalifu. Sisi Tanga tumezoea kuelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja juu yetu, na mazoea hayo yatakuvuta hata ukiwa kabinini. Kule Makka iko kusini-mashariki. Meli nayo hugeuka bila wewe kuhisi, hasa ikipita kati ya visiwa, kwa hiyo dirisha lililokuwa la mashariki wakati wa Adhuhuri laweza kuwa la kusini kabla ya Alasiri. Chukua dira ndogo ya mkononi, uitazame kila unapotandika msala, na uishike mbali na ukuta wa chuma wa kabini, kwani chuma huivuta sindano yake.