Jibu: Chuma cha nyota kinachoweza kila kitu

Salaam ndugu. Nimekuelewa: umekwama katika hadithi ya kubuni unayoiandika kwa sababu chuma chako cha nyota kinakata kila kitu, hakishiki kutu na kinaponya majeraha, kwa hiyo shujaa wako hana tena wa kumtisha.

Angalia kwanza kimetoka wapi. Mimi huanza na asili, kisha sifa zote nazitoa humo humo. Mfano halisi upo: jambia la Tutankhamun, farao aliyefariki yapata 1323 KK, lilifuliwa kwa chuma cha kimondo. Vipimo vilivyotangazwa 2016 vilikuta nikeli karibu asilimia 11, kiasi kikubwa mno kwa chuma cha madini ya ardhini. Zama hizo chuma Misri kilikuwa adimu kuliko dhahabu. Uadimu huo peke yake unaleta wivu, wizi na vita, bila uchawi wowote!

Sifa ya kuponya ningeiondoa. Kama unaipenda sana, ipe gharama: labda kila mhunzi anayekifua anapoteza kumbukumbu moja. Ramani ya dunia yako sijaiona, ila amua mapema kimondo kiliangukia ardhi ya nani.