Baridi ya mwezi wa saba na mafuta ya moteri

Bandugu, kila mwaka baridi ikianza hapa Lubumbashi, mwezi wa sita, wa saba, watu wananiuliza: tutoe mafuta mazito ya 20W-50 tuweke mepesi ya 5W-30, halafu mwezi wa kumi joto likipanda turudishe ile nzito? Mimi nasema hapana. Chagua mafuta yanayofaa moteri yako ukae nayo mwaka mzima.

Angalia namba zenyewe. Ile ya mbele, yenye W, ni ya wakati moteri iko baridi, na 20W wanaijaribu mpaka degre 15 chini ya sifuri, 5W mpaka 30 chini ya sifuri! Sisi huku asubuhi ya baridi kali tuko kwenye degre 7 ao 8. Namba ya nyuma ni uzito wa mafuta yakiisha kupata moto, wanapima kwa degre 100, na moteri ikishapata moto termosta, kile kifaa cha kusimamia joto la maji ya moteri, inaishikilia karibu na 90, ikuwe kiangazi ao mvua, sasa unabadilisha kwa sababu gani? Bandugu wa Goma na Bukavu ndiyo kabisa, kule karibu na ikweta joto halibadiliki sana mwaka mzima.

Desturi hii ilitoka zamani, wakati watu walitumia mafuta ya namba moja tu, SAE 30 ao 40 tupu bila W, ile kweli inakuwa nzito asubuhi.

Shida yenyewe ni kuchagua vibaya tangu mwanzo. Jirani yangu ako na Toyota Ist kama mimi, moteri 1NZ, na fundi mmoja alimwambia Afrika ni joto weka mafuta mazito ya namba 50 tu. Mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi tunawasha wote wawili, yangu yenye 5W-30 taa nyekundu ya mafuta inazima palepale, yake inapiga tiki-tiki-tiki juu kule kwa sekunde kadhaa mbele mafuta yafike, na ile VVT-i, mtambo wa kubadilisha wakati valvu zinafunguka, inafanya kazi kwa presha ya mafuta hayohayo, yanapita mu vitundu vidogo sana. Moteri ikiwa imechoka, inakula mafuta, panda kwenye 10W-40 ao 15W-40, lakini ubaki hapo. Hilux ya dizeli ya zamani, 15W-40 mwaka mzima, basi.

Kitu ambacho kiangazi kinabadilisha kweli ni vumbi, na hii inaniuma kwa sababu watu wanahangaikia namba wanasahau filtri ya hewa. Kuanzia mwezi wa tano mvua hamna, barabara za udongo za Ruashi na Katuba zinageuka unga mwekundu, ukifungua boksi ya filtri ukaigonga chini unaona rundo linaanguka. Vumbi hilo likipita linaingia mpaka mu mafuta, linakwaruza silinda, na hakuna 5W wala 20W ya kukuokoa. Feza ulitaka kununulia bidoni ya pili, nunua filtri nzuri, na vidanji, ni kusema kubadilisha mafuta, usipitishe kilometa 5,000. Joji, kile kijiti cha kupimia mafuta, uiangalie asubuhi mbele ya kuwasha, gari ikiwa pahali sawa.

Na bidoni ununue yenye kifuniko hakijaguswa, maana kuna wenye kujaza mafuta machafu mu bidoni za zamani wanauza kama mapya, hao wanaua moteri za watu.