Barua kwa mwanangu: kikulabu

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, nikacheka peke yangu. Tumefuma pamoja tangu ukiwa mdogo, leo nawe una mtoto mgongoni ndipo unaniuliza krosheti maana yake nini! Unasema rafiki yako kashikilia kwamba ni jina la aina ya uzi. Mwambie amekosea. Ni jina la hicho ulichokishika mkononi.

Neno ni la Kifaransa. Kulabu kwao ni croc, na wakitaka kulifanya dogo hulitia kimalizio mkiani, kama sisi tunavyolitanguliza ki-. Basi crochet ni kikulabu, hakuna zaidi. Hiyo t ya mwisho hawaitamki. Mimi naitamka, na sioni haya. Croc nayo inatoka mbali, kwa watu wa kale wa Skandinavia waliosema krókr, kitu kilichopinda.

Kwa kuwa ni kikulabu tu, Wafaransa wamelitumia neno hilo kila mahali. Mabano ya mraba ni crochet. Ngumi ya bondia inayozunguka kutoka ubavuni ni crochet. Hata kile kichuma cha mwizi cha kufungulia kufuli ni crochet! Ufumaji wetu ni mmoja tu katika ukoo huo, tena wa mwisho mwisho kuzaliwa: neno lipo tangu zama za kati, lakini maelekezo ya kufuma krosheti ya zamani zaidi yanayojulikana kuchapishwa yalitoka katika jarida moja la Uholanzi, Pénélopé, mwaka 1823.

Kinachonifurahisha ni kwamba mataifa mengine hayakuliazima neno, ila yaliwaza vilevile. Mjerumani ana Haken, kulabu, akafuma akasema häkeln. Mhispania ana gancho, akapata ganchillo. Mwitaliano kutoka uncino akapata uncinetto. Kila mmoja aliutazama mkono wa mfumaji, akaona ncha iliyopinda. Sisi tunasema sindano ya krosheti, ingawa haina tundu wala haichomi kitu. Nahisi tuliichanganya na zile sindano mbili za kufumia sweta. Na tofauti iko hapohapo: sweta linaning'inia kwa vitanzi vingi kwa pamoja, krosheti kwa kawaida ina kimoja tu kilicho wazi, na ile ncha ndiyo inayouvuta uzi upite ndani yake. Bila kupinda, uzi ungeteleza.

Sasa hilo blanketi kwenye picha. Linazidi kuwa jembamba kadiri unavyopanda, kwa sababu unaruka kitanzi cha mwisho cha kila safu. Fumua hadi pale upana ulipokuwa sawa, kisha uanze kuhesabu.

Mama yako